Mwaka wa Mashini Iliyongoja Rozari

Siku ya pili ya kilio cha Mama Ngalula, umeme ulipepesa mtaa wote wa Katuba, hapa Lubumbashi: ukaenda, ukarudi, ukaenda tena. Vijana waliguna na kutoa simu zao mifukoni wapate mwanga. Lakini mama mmoja mzee aliyekaa kwenye mkeka karibu na mlango, macho kafumba, akaanza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Salamu Maria, umejaa neema," na sisi wa umri wake, tuliotawanyika uani na sebuleni, tukamwitikia kwa pamoja bila hata kuangaliana. Hatukuwa tunamwombea marehemu. Tulikuwa tunaombea umeme, kama tulivyozoea zamani katika nyumba ya foni ya Papa Kasongo, na nilipotambua hivyo nilishindwa kujizuia, nikacheka, mtu mzima mimi, mbele ya picha ya marehemu iliyozungushiwa maua. Kapinga, binti wa Mama Ngalula, ambaye sasa naye ana mvi, akaja kuchuchumaa karibu yangu. "Tantine Musonda, munasali juu ya courant?" Nikamwambia ndiyo, na kwamba mama yake angekuwepo angeitikia kwa sauti kubwa kuliko sisi wote. Hakucheka. "Basi utanielezea," akasema. "Na miye niko na kintu ya kukuuliza." Tukaenda kukaa jikoni, na niliyomsimulia pale ndiyo haya, pamoja na mengine ambayo kilioni mtu hasemi.

Ulikuwa mwaka wa enzi zile za chama kimoja, ambapo hata anayekutukana sokoni alikuita kwanza sitwayeni, yaani mwananchi, na moshi wa bomba la kiwanda cha shaba ndio uliotuonyesha upepo unaelekea wapi. Nilikuwa nimemaliza shule ya ufundi, msichana peke yangu darasani, na nilijiona kweli kweli. Papa Kasongo alinichukua nimsaidie kwenye foni yake. Watoto wa leo hawajui foni. Ilikuwa radio ya kusema na kusikia, na kwa wengi wetu ndiyo njia pekee ya kumfikia ndugu aliyeko mbali, maana barua ilipotea na treni ilichelewa mpaka habari zikaoza. Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na mabenchi, picha ya Rais na kibao kilichokataza siasa hewani. Cha ndani kilikuwa na mashini, kiti kimoja na kipaza sauti, na kati ya vyumba hivyo hapakuwa na mlango bali pazia tu la kitenge. Kwa hiyo lolote lililosemwa ndani lilisikika na benchi zima. Nilimsikia mtu akiambiwa mkewe amerudi kwao. Nilisikia kwamba "mugonjwa" amefika Mokambo, mpakani, na anangojea "dawa," na benchi zima lilijua kwamba mgonjwa huyo ni magunia ya sukari kutoka Zambia. Mtu akitoka nyuma ya pazia alipewa ushauri ambao hakuuomba. Kulikuwa na mzee aliyekuja kila juma bila kuwa na mtu wa kumpigia. Alikaa tu, akasikiliza, akatoa pole na hongera, akaenda zake.

Shuleni nilifundishwa jinsi sauti ya radio inavyopanda angani, ikagonga dari lisiloonekana, ikarudi chini mbali sana. Niliandika hayo kwenye mtihani na kupata alama nzuri. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kusikia jogoo akiwika Kasai, mkoa wa mbali kabisa, ndani ya chumba cha Katuba ni kitu kingine. Siku ya kwanza nilipomsikia jogoo yule, nyuma ya maneno ya mtu aliyekuwa akizungumzia mahari, nywele zilinisimama. Nikamwuliza Papa Kasongo kama yeye alishazoea. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, abakosti yake, koti lile la enzi za chama, imepigwa pasi kama ya waziri. "Musonda," akaniambia, "siku nitazoea, nitafunga hii nyumba, nitaenda kulima ku Ruashi."

Foni yetu ilipata umeme wake kupitia sanduku la chuma zito kama jiwe, lenye joto kiasi kwamba paka wa jirani alilala juu yake. Sanduku hilo lilipokufa, mfanyabiashara mmoja alituletea jingine kupitia Mokambo, limefichwa ndani ya gunia la unga. Nilipolitoa nikadhani tumeibiwa, maana lilikuwa jepesi kama mkate. Papa Kasongo alilipangusa unga, akafungua kifuniko, akaita jina lake kwa heshima: dekupaji. Akanieleza, nami nilikumbuka kidogo kutoka shuleni, kwamba sanduku la zamani liliukandamiza umeme uliozidi na kuutupa kama joto, ndiyo maana paka alilipenda. Hili jipya halikandamizi. Linaukata umeme vipande, maelfu kwa maelfu mtu anapokonyeza jicho, na kupitisha vile tu vinavyohitajika. Nikaweka kiganja juu yake wakati linafanya kazi. Lilikuwa baridi. Ndani ya kitu kile kulikuwa na kisu kinachokata umeme kwa kasi ambayo akili yangu haifiki, nacho kimya, bila jasho. Nimetengeneza mashini nyingi tangu siku hiyo, na bado sijui jina la hisia ile isipokuwa kicho.

Halafu mvua zikaanza, na radi, na umeme ukaanza kupepesa. Asubuhi, ukiwasha dekupaji iliyolala usiku kucha, iliamka vizuri. Lakini umeme ukikatika kwa kufumba na kufumbua tu ukarudi, sanduku halikurudi. Lilifanya tik, tik, tik, kama mtu anayetaka kupiga chafya isitoke, na foni ikabaki giza. Mimi, na ujuzi wangu wa cheti, nilizima na kuwasha, nikazima na kuwasha, kwa hasira, na kila nilivyoharakisha ndivyo lilivyokataa. "Haraka haraka," Papa Kasongo aliniambia akiniondoa kitini, na hakuhitaji kumalizia methali. Akazima. Akatoa rozari mfukoni, akaanza Salamu Maria, na benchi la mbele, ambalo lilikuwa limejaa watu wa Kasai waliobatizwa na kukomaa, likamwitikia. Fungu moja zima, Salamu Maria kumi. Akawasha. Foni ikaamka, taa yake ya kijani ikatutazama.

Basi ikawa desturi. Umeme ukipepesa, hakuna aliyeuliza. Papa Kasongo anazima, benchi linasali fungu moja, anawasha. Haikukosea hata mara moja. Watu wakasema mashini ya Papa Kasongo ni Katolike. Siku moja mchungaji mmoja wa Kimetodisti alikuwa na zamu yake, umeme ukapepesa, naye akasema kwa nini tusimwombe Mungu moja kwa moja. Akasimama, akaomba sala nzuri, fupi, yenye nguvu, akasema Amina, akabonyeza. Tik, tik, tik. Benchi lilicheka mpaka mama mmoja akaanguka. "Pastere, kamata rozari!" wakamwambia. "Hii iko na Mama Maria tu!" Naye, mtu mwungwana, alicheka nao, akangojea fungu lipite.

Mimi sikucheka sana. Nilitoka shuleni nikiamini kwamba kila kitu kina sababu, na kitu hiki kilinidharau mchana kweupe. Huenda ningeacha, kwa uvivu, maana rozari ilikuwa inafanya kazi. Ni Mama Ngalula aliyenifanya nisiache.

Yeye alipika uani, akiwauzia chakula waliokuwa wakingoja zamu, na mchana nilikula kwake: bukari, ndio ugali wetu, sombe ya majani ya muhogo yenye karanga, samaki wa tomusoni siku za neema, na munkoyo baridi wa kushushia. Alikuwa na mkono mzito kwenye mwiko na ulimi mwepesi. "Weye fundi," aliniita, "kuja kula mbele courant ikukule weye." Mwaka ule alikuwa mjamzito, na huo haukuwa ujauzito wa kwanza; mimba mbili za kabla zilikuwa zimetoka. Aliniambia hayo huku akimimina unga kwenye maji yanayochemka, polepole, mkono mmoja ukimimina na mwingine ukikoroga, bila kuniangalia. Alikuja Lubumbashi akimfuata mwanaume ambaye mama yake alimkataa, na mama yake alimwacha aende bila kufungua mdomo. Hakumlaani. Hakumbariki. "Njo pale kitu ilifungika," akasema Ngalula, akijigusa tumbo. Kwao baraka ya mzazi haitumwi kwa mtu wala kwa karatasi. Lazima mama aitamke kwa mdomo wake, ataje wakubwa waliotangulia, majina yao, na mtoto asikie kwa masikio yake, akiwa na pemba, ule udongo mweupe, mikononi. Safari ya Kasai na tumbo lile haikuwezekana. Lakini sasa mama yake alikuwa mgonjwa, moyo wake ulikuwa umelainika, na alikuwa amekubali kubebwa mpaka misheni yenye foni. Siku ilipangwa: Jumamosi, baada ya salongo, zile kazi za lazima za usafi. Misheni ile ilihudumia vijiji vingi na zamu ya kila mtu ilikuwa fupi; usipoitika, wanahama kwenda kwa mwingine. Na huyo bibi, kwa hali aliyokuwa nayo, asingebebwa mara ya pili.

"Na courant ikipepesa?" nikamwuliza.

"Si tutasali," akasema.

Nikafikiria fungu zima la rozari likipita huku zamu yake inakwisha upande wa pili, nikaweka tonge chini. Papa Kasongo alikuwa ameshaiweka dekupaji kwenye betri ya gari, lakini sanduku lile lilikuwa la kukata umeme wa ukutani tu, likakataa hata kutoa sauti, na betri ya kuifaa foni yenyewe hatukuwa nayo. Hapakuwa na njia ila kumjua mgonjwa.

Nilikuwa na kipima umeme cha sindano, kile cha nyaya mbili, moja nyekundu na moja nyeusi. Kila foni ilipokuwa haina mtu, nilifungua kifuniko, nikaweka ncha za nyaya mahali fulani, nikamwambia Papa Kasongo azime na kuwasha kwa haraka, tuone umeme unapotelea wapi. Tik, tik, tik. Nahamia mahali pengine. Tik, tik, tik. Kisha nikafika kwenye kondansata moja, kile kifaa cha kuhifadhi umeme kwa muda, ndogo, ndogo kama ncha ya kidole, iliyokaa pembeni kabisa. Nikagusa miguu yake. Papa Kasongo akazima, akawasha. Ikaamka. Akazima, akawasha kwa haraka zaidi. Ikaamka. Bila Salamu Maria hata moja! Nikapiga kelele, nikatoa nyaya nimkumbatie. Akazima na kuwasha. Tik, tik, tik. Nikarudisha nyaya: ikapona. Nikatoa: ikaugua. Nilikuwa karibu kulia. Mgonjwa gani huyu anayepona daktari akimgusa, na kuugua daktari akinawa mikono? Papa Kasongo alicheka mpaka akavua miwani. "Iko na soni," akasema. "Ukiiangalia inatenda muzuri. Kama wanafunzi."

Nilikwenda uani nikiwa nimekasirika kweli, nikakaa karibu na mbabula, jiko lake la makaa, nikimtazama Ngalula akisonga. Nilijua kazi ya kondansata ile. Ndiyo inayozuia mashini isianze kwa pupa. Wakati wa kuwasha huwa tupu, na kadiri inavyojaa taratibu ndivyo umeme unavyoruhusiwa kupita, kidogo, kisha zaidi, kama mkono wa Ngalula unaomimina unga. Ukimwaga unga wote mara moja unapata madonge. Mashini ikianza kwa nguvu yote mara moja, mlinzi wake wa ndani anashtuka na kuifunga. Sawa. Lakini kwa nini ianze kwa pupa pale tu ilipokuwa imetoka kuzimika? Nikarudi ndani peke yangu. Nikawasha, nikazima, na safari hii sikuwasha tena. Niligusa tu kondansata ile, mashini ikiwa imezimwa, waya wake umechomolewa ukutani kabisa.

Sindano iliruka juu. Kisha ikaanza kushuka, polepole, kama jua.

Nilibaki nimeshika nyaya zile. Mashini ilikuwa imekufa, na ndani yake bado kulikuwa na umeme, umejikunja mahali padogo kuliko punje ya hindi, unangoja. Kondansata ilikuwa haijasahau. Ilipaswa kumwaga ilichobeba mara umeme unapokatika, ili ianze tena tupu. Haikumwaga, na umeme uliporudi ukaikuta imejaa, nayo ikadhani imeshamaliza kazi yake ya kumimina. Muda wa rozari ulikuwa muda wake wa kusahau. Na kipima umeme changu hakikuwa shahidi tu: nyaya zake zilikuwa zikinywa, kidogo kidogo, kile kilichobaki. Nilikuwa naitibu bila kujua. Nikamwita Papa Kasongo, nikamwonyesha. Aliitazama sindano ikishuka mara ya kwanza, akaniomba nirudie, akaitazama tena. Halafu akafanya ishara ya msalaba, si kwa mzaha, na hakuna siku niliyompenda mtu yule kama siku hiyo.

Hiyo ilikuwa Jumamosi yenyewe, asubuhi, watu wakirudi kutoka salongo na majembe yao. Nilishaona kosa: rezistansi iliyopaswa kumwaga ile kondansata ilikuwa imeachia lehemu, mguu mmoja unaelea. Nilitaka kuilehemu pale pale. Papa Kasongo alikataa. "Mugonjwa unamujua sasa," akasema. "Lakini hatupasue muntu siku ya arusi yake. Ukikosea hata kiloko, yule mama atasema na nani?" Nilimbishia, kichwa changu kilikuwa kigumu, lakini mashini ilikuwa yake. Tukaacha kifuniko wazi, na mimi nikaketi sakafuni pembeni ya sanduku na nyaya zangu mbili.

Ngalula aliingia amevaa kitenge kipya, na kisahani cha pemba mikononi. Nje mawingu yalikuwa yameshashuka juu ya kilima cheusi cha mabaki ya shaba. Papa Kasongo aliita misheni, akaita tena, na kutoka ndani ya ule mkwaruzo wa radi za mbali akaitika katekista wa kule, akasema bibi yuko hapa, amekalishwa. Akamfundisha bibi jinsi ya kufanya: useme yote, ukimaliza sema "à vous," yaani zamu yenu, maana hapa mmoja akisema mwingine hawezi kumkatiza. Kisha sauti ikaja. "Moyo webe, mwan'anyi." Salamu, mwanangu. Ilikuwa sauti nyembamba, ya mtu anayeokoa pumzi, na Ngalula aliposikia alipiga magoti, yeye na tumbo lake, akajipaka pemba mikononi na usoni. Bibi akaanza kutaja wakubwa. Sikujua lugha yao, lakini majina ya waliokufa hutambulikana. Yanatembea polepole, moja nyuma ya lingine.

Radi ikapiga. Taa ya kijani ikazimika, ikawaka, na sanduku likaanza: tik, tik, tik.

"Salamu Maria..." mtu akaanza kwenye benchi.

"Hapana!" Ngalula alilia. "Hapana, iko anasema! Iko anasema!"

Na kweli, kule bibi alikuwa anaendelea. Hakuweza kujua kwamba tumezimika. Alikuwa akimbariki mwanawe katika masikio yasiyokuwepo. Papa Kasongo alishazima. Niligusa kondansata. Sindano ikaruka, ikaanza kushuka, na hapo ndipo nilipojua urefu wa kitu kifupi. Mkono mmoja wa Papa Kasongo ulikuwa kwenye kitufe, mwingine kwenye bega la Ngalula. Nilitamani kuunywa ule umeme kwa mdomo. Ikashuka, ikashuka, ikalala. "Washa," nikasema.

Ikaamka. Mkwaruzo ukajaa chumbani, na ndani yake ile sauti nyembamba, bado iko njiani, bado inataja. Ngalula alifunika uso. Bibi alisema maneno mengine machache, akapumzika, akasema jina la mwanawe, kisha, kwa uangalifu wa mtu anayeogopa kukosea sala, akasema, "à vous." Ngalula alibonyeza kitufe na kulia ndani ya kipaza sauti, na katekista akatuambia baadaye kwamba bibi alisikia kilio kile mpaka mwisho, akasema inatosha, wamrudishe nyumbani.

Siku ya kazi iliyofuata nililehemu ule mguu, na dekupaji haikusumbua tena maisha yake yote. Umeme ulipopepesa, foni ilirudi yenyewe kabla mtu hajafungua mdomo. Benchi halikufurahi. Walisali fungu lao vilevile, na Papa Kasongo, ambaye alijua yote, aliitikia pamoja nao. Nilipomwuliza kwa nini, alisema hakuna aliyemwambia kwamba Mama Maria haruhusiwi kumwaga kondansata. Kapinga alizaliwa miezi ya kiangazi ilipoanza, mnene, mwenye sauti.

Kapinga huyo alinisikiliza jikoni mpaka mwisho, mikono mapajani. Umeme ulikuwa umesharudi. Kisha akaniuliza lile alilokuwa nalo.

"Mbele ya kufa, Mama alituita sisi wote. Akaomba pemba. Akatubariki, akataja wakubwa, bibi na babu, mumoja mumoja. Alafu akanyamaza. Macho wazi, mukono juu ya kichwa yangu, ananyamaza tu. Tulifikiri amekwenda, kaka akaanza kulia. Kumbe anaendelea! Akamaliza muzuri, mpaka na 'à vous.' Tantine, juu ya nini alinyamaza?"

Kwa miaka yote hiyo nilijua kwamba Ngalula alipokea baraka yenye tundu, nikadhani pengine alilisahau, au alilijaza na maneno yake. Nikamweleza Kapinga: pale kwenye kimya bibi yako alisema maneno, na upande wetu hakuna aliyeyasikia. Mama yako hakuyajua, kwa hiyo hakuyabuni. Wala hakuyaruka. Aliyaachia mahali pake, akakupa kama alivyopewa, yote.

Kapinga aliangalia viganja vyake. Ana watoto wanne, mmoja yuko mbali. "Na miye siku yangu itabidi ninyamaze pale," akasema. Halafu akainua macho. "Lakini ile kimya iko ya murefu namna gani, Tantine?"

Nikamshika mkono. Tukakaa kimya pale jikoni, sauti za kilio zikitujia kutoka uani, mpaka, kichwani mwangu, nikaiona ile sindano ya siku ile imelala.